Uwakala wa benki kwenye kibanda cha pesa za simu: angalia kwanza pesa inaelekea wapi

Ofisa wa benki alinikuta kibandani saa nne asubuhi. Kijana nadhifu, tai imembana shingo, mkononi ana kishikwambi. Makambako ilikuwa na ukungu siku hiyo na baridi ya kung'ata, mimi nimejifunga kitenge juu ya sweta. Akaniambia, "Mama, kiti ni hichohicho, dirisha ni hilohilo, kodi ya fremu unalipa ileile. Unaongeza mashine tu, kamisheni zinakuwa mbili." Akanionyesha picha ya wakala anayecheka meno yote nje. Nilimpenda bure. Nikamuuliza, "Mwanangu, na mtaji nao utakuwa mara mbili?" Akacheka, akasema hayo tutaongea.

Basi tuongee, maana ndipo mawakala wengi wanapoumia. Wanahesabu kamisheni kabla ya kuhesabu njia ambayo pesa inapita mbele ya dirisha lao.

Kila mwenye kibanda cha M-Pesa, Airtel Money, Halopesa au Mixx by Yas (ile tuliyoizoea kwa jina la Tigo Pesa) anaishi na vyungu viwili: keshi kwenye droo na floti, yaani pesa ya tarakimu, kwenye laini. Mteja akiweka, keshi inapanda na floti inashuka. Akitoa, floti inapanda na keshi inashuka. Jioni ukijumlisha vyungu hivyo viwili unapata jumla ileile uliyoanza nayo asubuhi, ukiacha kamisheni. Jumla isipolingana, kuna mahali umekosea au umeibiwa.

Uwakala wa benki ni chungu cha tatu. Unga ni uleule.

Namna unavyofanya kazi ni hivi. Benki inakufungulia akaunti ya uwakala, unaweka humo pesa yako, na hiyo ndiyo floti ya benki. Akija mwenye duka na laki tano mkononi anataka ziingie kwenye akaunti yake, wewe unapokea noti, unaandika namba ya akaunti yake kwenye mashine, na benki inakata laki tano kwenye akaunti yako na kuziweka kwenye yake. Kwa lugha ya sokoni, umemuuzia pesa zako zilizoko benki kwa noti zake. Akija mwingine na kadi anataka kutoa laki mbili, unampa noti zako, benki inakujazia laki mbili kwenye akaunti ya uwakala.

Wengi hapo hushtuka. Walidhani mteja anapotoa pesa, benki ndiyo inayotoa. Zile noti anazoondoka nazo ni zako wewe, za mauzo yako, za kikoba chako, pengine za ada ya mtoto. Benki inakurudishia kwa tarakimu. Ndiyo maana ofisa anaweza kucheka kwa raha pale unapomuuliza habari ya mtaji: keshi ikiisha dirishani kwako, aibu ni yako, mteja ni wako, na yeye hajapoteza senti.

Huduma yenyewe si ngeni. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, na ilionyesha kwamba mtu wa kawaida anaweza kumkabidhi mshahara wake dada wa kibandani bila kukosa usingizi. Mabenki yaliona. Kenya iliruhusu benki kutumia mawakala mwaka 2010, na huku kwetu Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo wake mwaka 2013. CRDB, NMB, NBC na wenzao wakatawanyika mitaani. Sababu yao haina siri: kumhudumia mtu wa elfu thelathini kwenye kaunta ya tawi, na kiyoyozi, na mlinzi, ni gharama. Kumhudumia kwako ni nafuu. Ndiyo maana utaona vibanda vinavyofanya kazi kubwa kuliko vyote vimejipanga nje ya geti la tawi lenyewe, vinapokea watu ambao foleni imewashinda.

Sasa njia ya pesa. Makambako ni njia panda. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita hapa, ya Njombe na Songea inachepuka hapa, reli ya TAZARA nayo ipo. Mnunuzi wa mahindi, mbao au parachichi anatumiwa pesa na tajiri wake kwenye simu, anakuja kuzitoa ili amlipe mkulima taslimu. Dereva wa lori anatumiwa ya mafuta na ya kula. Mama lishe anatumiwa na mwanawe aliyeko Dar. Wote hao wananikuta na kitu kimoja mdomoni: kutoa. Kwa hiyo kibandani kwangu ugonjwa wa siku zote ulikuwa mmoja, keshi kukauka saa sita mchana huku laini imejaa floti ambayo hakuna anayeitaka. Nilifunga dirisha nikapanga foleni benki kubadilisha floti kuwa noti, na nilipofunga, mteja alihamia kwa jirani. Asilimia kubwa ya hasara ya kibanda huwezi kuiona kwenye daftari, kwa sababu ni wateja waliokukuta umefunga.

Mita mia mbili kutoka kwangu kuna maduka ya jumla: ya vifaa vya ujenzi, ya mitumba, ya sabuni na mafuta. Hao mchana kutwa wanapokea noti, na jioni wanataka kuziondoa dukani ziende benki. Kitu chao mdomoni ni kuweka.

Hapo ndipo mashine ya benki ilipopata maana. Chukua mtaji wa milioni tatu, uugawe hivi asubuhi: keshi 1,200,000, floti ya simu 800,000, floti ya benki 1,000,000. Mwenye duka la vifaa anakuja na 900,000 kuweka benki. Keshi yako inakuwa 2,100,000, floti ya benki inabaki 100,000. Halafu wanamiminika wa kutoa kwenye simu, jumla yao 1,500,000. Keshi inashuka hadi 600,000, floti ya simu inapanda hadi 2,300,000. Kisha unahamisha 1,500,000 kutoka laini ya simu kwenda akaunti ya uwakala: simu inarudi 800,000, benki inakuwa 1,600,000. Jumlisha: 600,000, 800,000 na 1,600,000 ni milioni tatu zilezile. Hukufunga dirisha, hukupanga foleni, na mwenye duka wa pili akija na laki sita bado unampokea.

Kuweka kwa benki kumelisha kutoa kwa simu. Noti za mwenye duka zimekwenda kwa mnunuzi wa mahindi bila kupita kwenye gari la benki wala kwenye tawi.

Rafiki yangu mmoja, kibanda chake kiko karibu na hospitali, alipoona mambo yangu yananyooka naye akachukua mashine. Miezi miwili akairudisha. Kwake wateja wa simu wanatoa, na wa benki pia wanatoa, maana ni wauguzi na walimu wa shule ya jirani ambao mshahara ukiingia, tarehe zile za ishirini na kitu, wanataka noti wote kwa pamoja. Vyungu vyake viwili vya tarakimu vilifurika, droo ikabaki na sarafu. Alihitaji keshi maradufu kwa siku nne za mwezi, na siku zilizobaki mashine ilikaa inakula chaji. Kosa lake halikuwa uvivu wala uchache wa wateja. Pesa zake zote zilikuwa zinaelekea upande mmoja, na chungu cha tatu kilimwongezea pengo lilelile.

Na upande hubadilika na msimu, hilo nalo lisikupite. Januari, watu wanalipa ada, leseni na madeni ya Serikali kwa kumbukumbu namba ya malipo, wote wanaleta noti. Kwa wiki mbili tatu kibanda changu hugeuka kichwa chini miguu juu: droo imejaa, floti zote mbili zimekauka. Mahindi yakianza kuvunwa, inarudi kule kwingine. Wakala anayejua kalenda ya mtaa wake hujaza chungu sahihi kabla ya wakati.

Kuhusu kamisheni, hesabu anayokuonyesha ofisa ni ya kweli, tatizo ni kwamba ni nusu. Viwango vya mabenki na mitandao hupangwa kwa madaraja, na muamala mdogo karibu siku zote hulipa zaidi kwa kila laki kuliko muamala mkubwa. Nitatumia namba za mfano tu. Karatasi yako ya kamisheni ndiyo yenye ukweli. Tuseme kutoa 20,000 kwenye simu kunakulipa 250, na kuweka 1,000,000 benki kunakulipa 1,500. Laki moja ikipita kwa watu watano wa elfu ishirini imezaa 1,250. Ile milioni ya mwenye duka, ukiigawa, kila laki imezaa 150. Ukiishia hapo utasema benki haina faida.

Ila milioni hiyo imekuachia milioni ya noti kwenye droo, na noti hizo zinawatosha watu hamsini wa elfu ishirini. Watu hamsini kwa 250 ni 12,500. Kwa hiyo mwenye duka amekulipa 1,500 kwa mkono wa kulia na amekufungulia mlango wa 12,500 kwa mkono wa kushoto. Mimi muamala wa benki nauthamini kwa kile unacholeta droo. Kamisheni yake naiita ya chai.

Sasa ile kuhamisha floti kutoka laini kwenda akaunti ndiyo inayokula chai hiyo usipouliza mapema. Njia ziko kadhaa. Mtandao wako unaweza kuwa na menyu ya wakala ya kupeleka floti benki. Wakala mkuu anaweza kununua floti yako na kukuwekea pesa kwenye akaunti. Benki Kuu nayo imejenga mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu. Kila njia ina makato yake, kikomo chake kwa siku, na muda wake. Ofisa akija, mweke kitako umuulize hayo matatu, tena aandike. Nyingine ya kumuuliza ni kamisheni inaingia lini, siku ileile au mwisho wa mwezi, na iko akaunti gani. Kodi ya zuio hukatwa humo kabla hujaiona, kwa hiyo usishangae ikija pungufu ya ulivyohesabu. Tunza kumbukumbu zake kwa ajili ya TRA.

Makaratasi hayana maajabu: leseni ya biashara kutoka halmashauri, TIN, kitambulisho cha NIDA, picha, barua ya serikali ya mtaa, mkataba wa pango, na kama biashara ina jina lake, usajili wa BRELA. Kinachochelewesha watu ni majina. NIDA imeandika majina matatu, TIN mawili, leseni imeandikwa jina la ukoo kwa herufi tofauti, na fomu inarudi mara tatu. Sawazisha kabla ya kuomba. Na hapa kuna jambo ambalo mtaani tunalinong'oneza: vibanda vingi vinatumia laini ya uwakala iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, ya kukodi au ya shemeji. Kwenye simu umezoea, mambo yanakwenda mpaka siku mnakosana. Kwenye benki mlango huo umefungwa. Jina la leseni, la akaunti na la mkataba ni moja, na binti unayemwajiri akae na namba yake ya siri ya mhudumu, si ya kwako. Akiondoka kazini unaifuta yake, mashine inaendelea.

Mashine ya POS, kama si programu ya kwenye simu, kwa kawaida ni mali ya benki. Mkataba utakuambia ni miamala mingapi kwa mwezi wasipoiona wanaichukua. Karatasi za risiti ni gharama ndogo inayosahaulika hadi ziishe Jumamosi jioni. Nunua kabla.

Mwongozo wa Benki Kuu una makatazo, na mengi yameandikwa kwa machozi ya watu. Usifanye muamala mtandao ukiwa chini. Usifanye muamala ambao mashine haitoi risiti. Usimtoze mteja hela yako ya pembeni. Benki ndiyo inayokulipa, na ile tabia ya "niachie buku la soda" kwa mtu anayeweka pesa itakufungia mkataba. Usishike hundi wala fedha za kigeni. Wewe si wa kumpa mtu mkopo kwa niaba ya benki. Na ile mbinu ya kukata muamala, mtu ana milioni unaiingiza mara tano ya laki mbili ili uvune kamisheni za madaraja ya chini, mifumo inaitambua. Kamisheni zinarudishwa, ukirudia unaondolewa. Kwa upande wako mwongozo umekupa haki moja nzuri: benki haiwezi kukufunga kwake peke yake. Unaweza kuwa wakala wa benki mbili au tatu, mradi kila moja ina mkataba wake.

Kuhusu hilo la risiti, nililipa ada.

Ilikuwa jioni, dereva wa lori anaelekea Tunduma, ameacha gari linanguruma kando ya barabara. Akachomeka kadi, akaweka namba ya siri, akataka 400,000. Mashine ikaandika subiri. Ikasubiri. Mtandao ukakatika. Simu yake ikalia: meseji ya benki, zimekatwa laki nne. Akaniwekea kioo cha simu machoni, "Mama, hizi hapa zimeshakatwa, utingo wangu ananipigia honi." Meseji ilikuwa ya kweli, ya benki kabisa, si ya kutengeneza. Nikampa noti arobaini za elfu kumi. Alipoondoka, mtandao ukarudi, nikaangalia salio langu la uwakala: halijapanda hata shilingi.

Nilipiga huduma kwa wateja, nikaandika barua pepe, nikaenda tawini. Jibu lilichukua siku sita, na lilikuwa fupi. Muamala haukukamilika, mfumo ulimrudishia mteja pesa yake usiku uleule. Kwao hakuna deni. Kwenye kumbukumbu zao mimi sikutoa kitu, na dereva ana laki nne benki pamoja na laki nne mfukoni. Kilichoniokoa ni daftari. Mimi huandika namba ya simu ya kila mteja wa benki, hata akiniona mshamba. Nilimpigia. Aliangalia akaunti yake, akanyamaza, akasema, "Mama, kweli bwana, nilidhani ni ya posho." Siku ya kumi na moja alinirushia 400,000 kamili, bila ya kutolea. Nikamwombea safari njema.

Tangu siku hiyo meseji ya mteja kwangu haina kazi. Uthibitisho ni risiti ya mashine yangu na salio la akaunti yangu. Mpaka viwili hivyo viseme, droo haifunguki, na honi zipigwe.

Wakati wa kuweka, hatari inakaa upande mwingine. Hesabu noti zote mbele ya mteja kabla hujagusa mashine, kwa sababu ukishabonyeza, pesa imekwenda na kilichobaki ni neno lako na lake. Mashine ikionyesha jina la mwenye akaunti, lisome kwa sauti, usubiri mteja aseme ndiyo. Tarakimu moja ikikosewa pesa inaangukia kwa mtu wa Kigoma ambaye hamjuani. Kwa kuwa sasa unapokea mafungu, noti bandia nazo zinakuja ndani ya mafungu. Taa ndogo ya kukagulia na vidole vyenye mazoea ni bora kuliko aibu ya kuipeleka tawini ukaambiwa mbili kati ya hizi si pesa. Matapeli wa simu unawajua wale wa "tuma kwenye namba hii". Wa benki wana kiswahili kizuri zaidi: anajitambulisha kama mtu wa kitengo cha mashine, anajua jina lako, anaomba ufanye muamala wa majaribio tu, atakurudishia. Hakuna majaribio yanayofanywa kwa floti yako.

Kuna la usalama ambalo huwezi kulikwepa. Kibanda cha simu watu hukidhani kina laki mbili. Chenye bango la benki hudhaniwa kina milioni tano, hata kama kina laki mbili. Nondo dirishani, droo isiyoonekana kutoka nje, kufunga kabla giza halijaingia, na kupeleka ziada tawini mchana kwa nyakati zisizo na mpangilio. Nilipunguza saa moja ya kazi jioni na sijaijutia. Na siri. Mji mdogo huu, sasa unajua nani ana kiasi gani, nani mshahara wake unaisha siku hiyohiyo kwa madeni. Binti yangu wa kazi nilimwambia siku ya kwanza kwamba salio la mtu ni kama daftari la zahanati.

Watu huniuliza kama waongeze benki ya pili. Ruhusa ipo, lakini kila benki ina akaunti yake ya floti, na kila akaunti inameza sehemu ya mtaji uleule. Milioni tatu kwa vyungu vitatu ni milioni moja moja. Kwa vyungu vitano ni laki sita sita, na mwenye duka wa laki tisa huwezi kumhudumia popote. Nimeona mabango manne kwenye kibanda kimoja, ukifika unaambiwa hii floti imeisha, ile mtandao hamna, jaribu ile. Benki moja yenye nguvu kwa wafanyabiashara wa mtaani kwako inatosha mpaka mtaji ukue. Mikopo ya floti nayo ipo, baadhi ya benki hukupa kwa kuangalia mzunguko wa miamala yako. Naichukua kwa siku ninazozijua, ile Januari au wiki ya mshahara, naimaliza. Ukiikopa kuziba pengo ambalo hujui lilitoka wapi, pengo litakukuta tena mwezi ujao na riba juu yake.

Kabla sijamjibu yule kijana wa tai nilichukua daftari la mtoto la mistari, nikaligawa safu mbili: kuingia na kutoka. Wiki mbili, nikihakikisha mwisho wa mwezi umo ndani. Kila saa nilijumlisha noti zilizoingia na zilizotoka. Siku kumi na moja kati ya kumi na nne, kutoka kulizidi kuingia, na baadhi ya siku hizo droo ilikauka kabla ya saa saba. Nilichokuwa nakosa kilikuwa mtu wa kuniletea noti kila siku bila kukosa.

Siku ya kumi na tano nilivuka barabara hadi duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua kufuli nisilolihitaji sana. Wakati ananitafutia chenji nikamuuliza mwenye duka, "Kaka, hela za mauzo benki huwa unazipeleka saa ngapi?"

"Saa tisa kasoro, nikikimbizana na mlinzi asinifungie geti. Siku nyingine silali nazo vizuri."

"Kwa siku kama ngapi hivi?"

Aliniangalia, akaangalia kibanda changu ng'ambo ya barabara, akatabasamu. "Wewe niambie kwanza utafunga saa ngapi."

Nikampigia yule kijana jioni ileile.